Gobore la Chilongola

Gobore la Chilongola bin Madenge ndilo lililowafukuza nguruwe mahindini mwake. Tajiri Mwenegoha bin Kibwana akalitamani, akampeleka Chilongola kituo cha polisi kwa Kopro Rajabu Lipande.

"Gobore ni langu, Afande. Huyu nilimwazima tu."

"Tangu lini ni lako, Mzee Mwenegoha?" Chilongola aliuliza kwa upole.

"Miaka kumi na miwili!"

"Na hukuliuza wala kumpa mtu?"

"Katu! Andika, Afande."

Kopro akaandika.

"Basi alichukue," alisema Chilongola. "Ila sheria yataka mwenye bunduki akate leseni kila Januari, kwa jina lake, la sivyo afungwe. Mzee atuoneshe zake kumi na mbili."

Kopro aliweka kalamu chini, akachukua pingu.

"Afande, nilikuwa natania!" Mwenegoha alipiga kelele. "Ni la Chilongola, tangu zamani!"

"Liandikwe na hilo, Afande, naye atie dole gumba."

Mwenegoha alipokwisha kutia dole, Chilongola alivua kofia, akatoa leseni yake yenye mihuri yote.

"Mbona hukuionesha mapema?" aliuliza Kopro.

"Angerudi kesho na mashahidi, Afande. Sasa shahidi wangu ni yeye."