Jina Moja Redioni

Hapo zamani, na msidhani nasema ile ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzijuzi, umeme umeshafika na kila mtu ana simu, palikuwa na mwanamke katika mji wa Kwemkuyu akiitwa Mwantumu. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka tisa. Masikio haikuyagusa. Mwantumu akisikia mtu anakuja, mtu mwenyewe bado yuko kwenye kona, na alijua kama viatu alivyovaa ni vyake au vya kuazima.

Mji ule ulikuwa na redio yake ndogo, na kipindi kilichosikilizwa na wote kilikuwa matangazo ya saa tatu asubuhi. Nani kafariki, nani anaoa, ng'ombe wa nani kapotea. Mtangazaji wake akaacha kazi, kamfuata mume Handeni. Eti mume. Tuyaache hayo.

Mwantumu akaenda kuiomba ile nafasi. Mkuu wa redio, Bi Stamili, mama asiyecheka ovyo, akamwambia aje Jumatatu na kompyuta yake. Matangazo atasomewa mara moja tu, atayaandika mwenyewe, na saa tatu atayasoma hewani mwenyewe. Akiweza, kazi ni yake. Akikwama, yuko binti mwingine anayengoja, na huyo anaona.

Mnaniuliza asiyeona atasomaje. Kuna programu inakaa ndani ya kompyuta, inamsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Yeye anavaa kisikilizio sikioni, anasikia huku, anasema huku. Mimi kumsikiliza mtu mmoja tu huwa nakatiza, sembuse kusema huku namsikiliza.

Tatizo, kompyuta hana.

Basi kaka yake, Kibwana, akatoka asubuhi na pikipiki yake, akarudi jioni kwa miguu. Amebadilishana. Pikipiki aliyoing'arisha kuliko alivyomng'arisha mkewe, kaitoa, kapata kompyuta. Mji ukasema. Mji wetu hausemi kidogo.

Kompyuta ikawashwa. Mfumo uliokuwamo ndio ule wanaotumia watu wote, maofisini na madukani. Programu ya kusoma ilikuwemo pia, lakini ya majaribio. Kila baada ya dakika arobaini inanyamaza, mpaka uzime uwashe upya. Na Kiswahili chake! Ilisoma jina la marehemu mmoja hata mjane angedhani kafiwa jirani.

Mwantumu akampigia simu Mwalimu Hiza wa Lushoto. Huyu Hiza haoni kama yeye, na shuleni walikaa dawati moja. Waliongea mpaka simu zikapata moto. Mji ukasema tena, lakini safari hii mimi pia nilisema kidogo.

Hiza akamwambia uko mfumo mwingine, wa bure, anayeutaka anauchukua. Programu yake ya kusoma inajua Kiswahili. Sauti mbaya, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, ila hainyamazi. Lakini ukiuingiza huo, wa kwanza unafutika. Hakuna kurudi.

Kibwana kusikia hivyo, akakaa chini. "Dada, ule wa kwanza mji mzima wanaujua. Ukikwama, yeyote atakusaidia. Huo wa Hiza, ukikwama hapa Kwemkuyu utamwita nani?"

Neno la maana lile. Mwantumu akasikiliza sauti ya kwanza, akasikiliza ya pili ikitoka kwenye simu ya Hiza. Akairudia ya kwanza, akairudia ya pili. Kisha akasema, "Kaka, huu wako wanaujua wenye macho. Mimi nataka ninaoujua mimi. Siwezi kusimama hewani na mtu atakayeninyamazia katikati ya msiba wa watu."

Kisahani cha kompyuta, cha kuuingizia mfumo huo, kikaletwa kwa basi. Siku mbili Hiza alimwelekeza kwa simu, kompyuta yake ya Lushoto ikiwa mbele yake, ya Kwemkuyu mbele ya Mwantumu. Mshale wa chini mara tatu. Sasa subiri. Sasa mshale wa kulia. Katika kazi ile hapakuwa na jicho hata moja, na jicho pekee lililojitolea, la Kibwana, lilifukuzwa maana lilikuwa linabonyeza ovyo. Siku ya pili, adhuhuri, pipa likasema, "Karibu." Mwantumu alipiga kigelegele mpaka kuku wakatoka mbio.

Akaizoea. Sauti akaiongeza kasi, ikawa inakwenda kama mvua juu ya bati, waliopita nje wakadhani kafuga jini. Kioo akakizima kabisa. Alisema kioo ni cha wenye macho, yeye kinamlia chaji tu.

Hilo la kioo lishikeni.

Jumatatu ikafika. Pikipiki haipo, basi aliyemshika mkono kumpeleka redioni ni bibi mmoja jirani. Mtu mzima, ila sura bado anayo, na elimu yake darasa la pili. Bi Stamili akasoma matangazo kumi na mawili, mara moja, kwa haraka kama anayekimbizwa. Vidole vya Mwantumu vikacheza. Akamaliza saa tatu kasorobo, akatoka kwenda kunywa maji.

Bibi akabaki na kompyuta. Akaitazama, kioo cheusi. Akajua imezimwa. Akaona vitufe vina vumbi, na kitu cha mwana hakiendi mbele za watu na vumbi. Akashika pindo la kanga, akatemea mate kidogo, akafuta. Akafuta vizuri, juu mpaka chini.

Mwantumu akarudi, akavaa kisikilizio. Kimya.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kama kaburi. Fundi wa redio akaja, akaambiwa ni mfumo gani, akasema huo mimi siujui. Kibwana akapigiwa, akasema, nilisema mimi. Saa tatu kasoro dakika nane, na yule binti mwenye macho yake kashafika, kakaa kwenye benchi, kapaka na wanja.

Mwantumu akampigia Hiza. Hiza akamwelekeza kuamsha kioo, kikawaka. Lakini vitufe vya juu vya kompyuta ya Hiza si sawa na vya ile. Akauliza, "Nani hapo ana macho na mikono haimtetemeki?"

"Mimi," akasema bibi, "ila kusoma nasoma kwa kudokoa."

"Usisome, bibi. Pembeni kuna picha gani?"

"Kuna kitarumbeta. Kimepigwa alama ya mkasi."

"Basi sauti imefungwa. Tafuta kitufe chenye tarumbeta hiyo hiyo."

Bibi akatafuta. Kitufe cha kwanza, jua. Cha pili, jua jingine. Cha tatu, tarumbeta. Akabonyeza, na Mwantumu akaruka kitini. Pipa limefufuka.

Saa tatu juu ya alama, Mwantumu akawa hewani. Kafa fulani, anaoa fulani, kapotea ng'ombe mwenye baka jeupe. Hakukwama hata mara moja. Ila alipofika tangazo la nane, pipa lilimsomea kkkk-llll-mmm, akaimeza, akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Alipomaliza akageuka.

"Bibi, nani kafuta kompyuta yangu?"

"Vumbi, mjukuu wangu," akasema bibi.

Kazi akapata. Sasa sikilizeni. Redio ile ina desturi yake: mtangazaji mpya, asubuhi ya kwanza baada ya kupewa kazi, hutoa salamu moja ya shukrani. Moja, jina moja, hakuna "na wengine wote." Na Kwemkuyu, mtu aliyetajwa redioni anatembea katikati ya barabara mwaka mzima.

Usiku ule hawakulala. Kibwana akaja akasema, "Bila mimi ungekuwa unabonyeza meza. Natembea kwa miguu kwa ajili yako." Hiza akapiga simu akasema, "Bila mimi ungekuwa na sanduku linalonyamaza kila dakika arobaini." Bibi naye akaja, na bakuli la kalimati, akasema, "Bila mimi, saa tatu ingekukuta bubu."

"Bila wewe, bibi," Kibwana akamjibu, "isingenyamaza."

"Na bila huo mfumo wa Hiza," bibi akasema, "fundi angeitengeneza mara moja. Mbona huyo humsemi?"

Asubuhi ikafika. Kibwana kasimama mlangoni kwa kinyozi, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Hiza kaishika simu sikioni kule Lushoto. Bibi kajifunga kanga mpya. Mwantumu akavuta maikrofoni, akavuta pumzi.

Jina alilotaja nalijua, na ulimi unaniwasha. Lakini leo semeni ninyi. Na wewe unayeniangalia kanga yangu mpya, angalia kwingine, unijibu: aliyetoa pikipiki, aliyetoa mfumo, na aliyefunga mlango kisha akaufungua, je, nani alistahili?