Kenge na Mfereji wa Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Walio karibu na moto wasogee, na wa nyuma wapate joto.

Hapo zamani za kale, chini ya milima ya Upare, aliishi Chura mmoja jina lake Nakijwa. Alikuwa na watoto mia moja, wote viluwiluwi, wana mikia lakini miguu bado, na dimbwi lao lilikuwa linakauka. Kijito kilipita juu kidogo, hatua thelathini tu, ila kiluwiluwi hatembei. Nakijwa akashikwa na hofu ya mama.

Akapiga mbiu ya msaragambo, ile kazi ya wote, wachimbe mfereji wa kuleta maji. Kobe akajibu yuko njiani. Kinyonga akajibu bado analifikiria. Nyoka akauliza jembe atalishika kwa mkono upi, na hapo, wenzangu, alikuwa na haki. Kenge hakualikwa. Nani amwalike mwizi wa mayai?

Siku ya tatu dimbwi likabaki kama sahani ya uji. Kenge alikuwa juu ya kichuguu anaota jua. Nakijwa akayatazama yale makucha, akajisemea kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Mjomba Kenge," akasema, "nasikia Mamba kafukia mayai hapa kando ya dimbwi."

Kenge akachimba, pa, pa, pa. Hakuna kitu.

"Labda mbele kidogo, mjomba."

Akachimba, pa, pa, pa. Hakuna kitu.

"Mbele kidogo tu, mjomba."

Akachimba mpaka ukingo wa kijito ukabomoka. Maji yakamkumba usoni, yakateremka mbio, yakajaa dimbwini.

Kenge akainuka, tope linamchuruzika, akajua amechezewa. Akaja akiwa amefungua mdomo, na Nakijwa akaona leo ndiyo siku yake ya kuliwa.

Viluwiluwi mia moja wakatoa vichwa majini, wakasema kwa adabu waliyofunzwa, "Shikamoo, mjomba. Ahsante kwa maji."

Kenge akasimama. Tangu azaliwe ameitwa mwizi, ameitwa mlafi, ameitwa mkosi, lakini ahsante hakuwahi kuisikia. Akafunga mdomo, na machozi yakamlengalenga.

"Marahaba," akasema.

Jioni Kobe akafika na jembe lake begani, akauliza nani kachimba. Kenge akasema ni yeye. Nakijwa, kwa uchokozi wake, akamwuliza taratibu kama yale mayai ya Mamba aliyapata.

"Mayai gani?" akasema Kenge. "Mimi nilikuja kwenye msaragambo."

Hadithi yangu naikomesha hapo. Mwenye yake na aitoe.