Kaa na Mikuyu Mitatu ya Kijitoni

Nina ngano kinywani.

"Iteme, bibi!"

Ni chungu.

"Tutaitafuna hivyo hivyo!"

Haya. Zamani, zamani sana, Kaa aliishi kwenye kijito chini ya mikuyu mitatu. Majani yakidondoka, anakula. Jua likiwaka, yeye hana habari.

Rafiki yake alikuwa Ningu, samaki wa mto mkubwa. Kila masika Ningu alipanda kijitoni kutaga mayai katikati ya mawe, na siku hizo wawili hao walisengenya hata konokono wakaziba masikio. Ningu akishuka, Kaa alibaki kumngoja.

Siku moja akaja Nungunungu na jembe. Alilima ameelekea juu mlimani, udongo akiuvuta chini, kwa sababu mgongo wake haukupenda kuinama. Akalima mpaka majini. Kaa akamwomba aache hatua kumi tu za ukingo. Nungunungu akamuuliza, mtu anayetembea upande upande, tangu lini anajua kupima shamba?

Mwaka wa kwanza akakata mkuyu mmoja, eti unayatia mahindi kivuli. Ningu akaja, akasema maji ni ya moto. Akataga hivyo hivyo.

Mwaka wa pili akakata mkuyu wa pili, eti ndege wanalala humo. Ningu akaja, akakuta tope limelalia mawe. Akataga kidogo, mayai yakafukiwa.

Mwaka wa tatu akakata wa tatu, apate kuni za kupikia pombe ya mavuno. Ningu akafika kijito kinapomwagikia mto mkubwa, hakuingia; Kaa akamfuata huko.

"Shoga, tuondoke wote," akasema.

"Mto mkubwa una mamba, nami sina mbio. Nenda."

Ningu akaenda. Masika yakaja, Kaa akatoka kutazama bondeni. Hola. Masika mengine. Hola.

Masika ya tatu mvua ilikuja na hasira. Ukingo haukuwa na mizizi ya kuushika, shamba la Nungunungu likateremka lote majini, mahindi na kila kitu. Akaja kwa Kaa akilia njaa. Kaa akamwambia alie huku anapanda mikuyu, na jembe lisisogee tena ukingoni. Akapanda. Alimwagilia mpaka miiba ikampukutika kwa uzee.

Mikuyu ikakua taratibu. Tope likaondoka, mawe yakaonekana. Mwaka mmoja, masika yalipoanza, akapanda kijitoni samaki mdogo, mgeni.

"Hapa ndipo kwa Kaa?"

"Ndipo. Mama yako yuko nyuma?"

"Mama alikuwa anakuja kila mwaka mpaka kule chini, anaonja maji, anarudi. Mwaka jana alikufa."

Kaa akasogea kumpisha.

"Ingia, mwanangu. Alikuwa anataga pale."

Basi ninyi mnaolima mabondeni, acheni miti ya ukingoni. Kuikata ni asubuhi moja. Kuirudisha mnaweza. Aliyekuwa akiisubiri, huyo hamumrudishi.

Imekwisha. Mwenye usingizi akalale, mwenye jembe amesikia.