Fisi na Marekebisho ya Kifungu cha Tano

Mwaka huo nyika ilikauka hata vyura wakasahau kulia. Ilibaki chemchemi moja tu, ya Bondeni, na Bondeni ndiko alikokaa Sungura na wanawe. Simba, aliyekuwa Spika, akaitisha bunge, maana wenye kiu, kama tujuavyo, huburudishwa kwa miswada.

Muswada wa Mifereji haukuwa mbaya. Kifungu cha Tano kilisema mpango wa maji wa kila kanda uidhinishwe na wakazi wa kanda hiyo. Fisi, Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, akainuka akijilamba.

"Mheshimiwa Spika, marekebisho madogo tu. Tufute 'wakazi wa kanda hiyo', tuweke 'Mwenyekiti wa Kamati'. Kuwauliza wakazi kunachelewesha maendeleo."

"Na chemchemi yetu?" Sungura akadakia.

"Mwanangu, utayaona maji yakipita kuja kwangu Mlimani. Si maendeleo hayo?"

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!" wakabweka Fisi na shemeji zake.

"Wasioafiki?"

"Siyooo!" Nyika nzima ikatetemeka.

"Waliosema ndiyo wameshinda," akasema Simba. "Na neno langu silitengui."

Sungura akarudi nyumbani, akawatazama wanawe wakinywa. Kesho yake mipango ingeanza kuidhinishwa. Desturi ilikuwa hivi: mpango husomwa kwa sauti mbele ya watu, na Mwenyekiti akiridhika hukanyaga tope, unyayo wake ukawa ndio muhuri. Na kila mtu alijua Fisi huridhika kwa pua.

Asubuhi Sungura alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amebeba mfupa mnono wenye uboho.

"Takrima ndogo, Mheshimiwa."

"Soma, mwanangu, soma!" Fisi akauvamia.

"Mpango wa Kanda ya Mlimani," Sungura akasoma polepole, hata wa nyuma wakasikia. "Pango la Mwenyekiti lichimbwe, liwe kisima cha wote. Chemchemi ya Bondeni isiguswe."

Kra! Kra! Mfupa ukavunjika. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba ili acheke vizuri.

"Umesikia, Mheshimiwa?"

"Safi sana! Unao mwingine?" Na unyayo ukatua topeni, pwaa.

Jua halijapanda, tembo walikuwa pangoni wakichimba. Fisi akaja mbio.

"Acheni! Mimi ni mkazi wa hapa! Mbona sikuulizwa?"

"Kuwauliza wakazi kunachelewesha maendeleo," akajibu Tembo, bila kuinua kichwa.

Fisi akamkimbilia Simba. "Mtukufu, turudishe yale maneno ya zamani!"

"Neno langu silitengui," akasema Simba, akapiga mwayo.

Chini ya malazi ya Fisi maji yakabubujika. Kumbe ukame wote ule alikuwa akiyakoromea.

"Malalamiko," Sungura akamwambia huku akijaza kibuyu, "yapelekwe kwa Mwenyekiti wa Kamati. Nasikia ni msikivu mno."

Fisi alipowafuta wakazi, hakukumbuka kwamba na yeye anakaa mahali. Ndiyo maana hadi leo hulala popote jua linapomkuta. Ukimsikia huko porini usidhani anacheka: anaomba marekebisho.