Kwa Nini Jicho la Uzi Halifungwi

Fundi Gaudensi alinaswa na uzi mmoja wa pamba, mchana kweupe, mbele ya zamu nzima ya wanawake wa idara ya kutandia. Huyu ni mtu aliyefanya kazi Ndola na Jinja, akapelekwa hadi Gujarati miezi mitatu kusomea mitambo, na habari za Gujarati hakuna asiyezijua pale kiwandani, kwa sababu hakuna aliyeweza kuzikwepa. Wiki nzima alikuwa amejifungia karakanani akibuni macho mapya ya waya, yale yanayopokea uzi kutoka kwenye bobini na kuuongoza uende kujipanga na wenzake kwenye mtande, zile nyuzi za urefu zinazotandikwa kabla ya kufuma. Macho ya zamani yalikuwa vipande vya waya vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga, vimeachwa wazi. Ya Gaudensi yalikuwa pete kamili, zimechomelewa na kusuguliwa mpaka zinang'aa.

"Hapa uzi hauruki nje hata ukitaka," aliwaambia, na ili waone ulivyo laini ukipita, akauzungusha kwenye kidole cha shahada, akawasha mtambo.

Uzi ulikaza. Kidole kikatangulia kuelekea kwenye pete, mwenye kidole akafuata akirukaruka kwa mguu mmoja, na kitambi chake kikaangusha ndoo ya maji ya kunywa. Mama Nachula, kiongozi wa zamu, ndiye aliyezima swichi. Walipotaka kuuchomoa uzi wakakuta hauna pa kutokea, maana pete haikuwa na mwanya wowote. Ikabidi ukatwe kwa mkasi, na kidole kilikuwa kimeshageuka rangi ya bilinganya.

"Hiyo ndiyo ya Gujarati, fundi?" aliuliza mmoja.

Walicheka, naye akacheka nao, maana kununa kungekuwa aibu ya pili. Kisha akaketi juu ya ile ndoo iliyopinduka, akipuliza kidole.

"Chekeni, haki yenu," alisema. "Tena mimi sina udhuru. Bibi yangu alinieleza kwa nini jicho la uzi halifungwi nikiwa na miaka sita, na nilikataa kuvaa shati siku mbili kwa hofu. Nimezunguka dunia nzima nikaja kusahau jambo nililolijua kabla sijaota meno ya mbele."

Wakamwambia aseme basi, mtambo ukiwa bado umezimwa. Akawasimulia hivi.

Kulikuwa na enzi ambapo uzi ulikuwa haujakubali kuwa mali ya mtu. Huko juu kwenye nchi ya baridi, ukingoni mwa bonde ambalo asubuhi halionekani kwa ukungu, walikaa wafumi waliofuma nguo nzito za pamba. Walitanda kama tunavyotanda sisi, ila kwa miguu. Vidonge vya uzi vilikaa vikapuni upande mmoja, katikati ukasimamishwa ubao wenye macho ya waya, na mtandaji akaukamata uzi ulipotokea machoni, akatembea nao kwenda na kurudi kati ya vigingi. Ili ajue uzi ukikatika, aliuzungusha mara moja kwenye kidole. Ndivyo walivyofanya wote, na hakuna aliyeona ubaya.

Macho yale yalitengenezwa na mhunzi mmoja aitwaye Sinkala. Aliyafunga pande zote, yakawa pete zenye tundu la kupitisha punje ya mtama. Sinkala alikuwa na majivuno ya kitu kimoja tu, kwamba hakuna aliyewahi kuona mahali alipounganisha. Alimpa mgeni pete, akamwambia atafute kiungo, kisha akakaa kumtazama akihangaika. Kwa mambo mengine alikuwa mwoga kuliko watu wote wa pale. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe wenye pembe, na mkewe alipokuwa hai alimwogopa pia.

Hofu ilianza kidogo kidogo. Asubuhi moja ya ukungu mtandaji alikuta mtande aliouacha vigingini umelegea, na nyuzi zinarudi kinyumenyume kupitia machoni, kuelekea vikapuni. Zilirudi polepole, bila kelele, tangu alfajiri. Alipokwenda kuchungulia vikapu akaona jambo lililomfanya aondoke bila viatu. Vidonge havikuwa vimeongezeka. Uzi ulikuwa unaingia jichoni upande huu, na upande wa pili hautokei.

Kesho yake ulipotea mtande mzima. Kesho kutwa yake, mtu alikuwa amemfunga mbuzi kwenye kimoja kati ya vigingi vya mtande mwingine. Walisikia mlio mmoja, wakatoka, wakakuta kigingi kimelala na nyayo za mbuzi zinakwenda moja kwa moja hadi mbele ya ubao. Hapo ziliishia. Kwenye ukingo wa pete ile ndogo palikuwa na unyoya mmoja mweupe, unatikisika, na upepo haukuwepo.

Mfumi mzee aitwaye Mwasile akasema uzi ni uzi, dawa yake ni kisu. Siku nyingine nyuzi zilipoanza kurudi alikwenda akakata mmoja mbele ya watu. Ncha iliyokatwa haikuanguka. Ilisimama hewani kama inanusa, ikajiviringisha kwenye kifundo cha mkono wake, na Mwasile akaanza kutembea. Wanaume wanne walimshika, na miguu yao ikachimba mifereji kwenye udongo. Alipofika ubaoni waligeuza nyuso. Waliporudisha macho, nguo yake ilikuwa chini, imekunjwa vizuri kama ya mtu aliyekwenda kuoga.

Baada ya hapo hakuna aliyetanda. Walikuja kuelewa, kwa jinsi watu wanavyoelewa mambo wasiyopenda kuyasema, kwamba kuna kitu bondeni kinachokaa upande wa pili wa kila tundu, na pete iliyofungwa pande zote kwake ni mlango wenye kizingiti na miimo. Hawakukipa jina. Jina nalo lina tundu, walisema, kinaweza kupitia humo. Wakavaa nguo kuukuu, halafu viraka, halafu ngozi zisizotosha. Kipupwe kikaingia, na watoto wachanga wawili wakafa kwa baridi.

Sinkala alikuwa na binti wawili. Mkubwa alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita, na kichanga kilikuwa kimeanza kuwa rangi ya majivu midomoni. Mdogo, Namonje, alikuwa mtandaji mwepesi kuliko wote. Asubuhi moja alimtazama mtoto wa dada yake, akaenda kwenye ubao na kidonge kimoja. Alitaka kufuma kipande kifupi tu cha kumfunikia mtoto. Akapitisha uzi jichoni, akauzungusha kidoleni kama alivyofunzwa, akaanza kutembea kwa haraka ukungu ukiwa bado haujapanda.

Sinkala alikuwa akivukuta moto aliposikia anaitwa kwa sauti ya chini mno.

Alimkuta binti amesimama hatua tatu kutoka ubaoni, mkono umenyooshwa mbele, kidole kimeelekezwa kwenye pete. Uzi ulikuwa umekaza mpaka unalia kama mbu. Kila Namonje alipotoa pumzi, uzi ulimvuta upana wa punje moja. Alikuwa ameshagundua hilo, kwa hiyo alikuwa amebana pumzi, na macho yamemtoka.

"Baba, usikate."

"Sikati."

"Na usiniambie nisiogope."

"Mimi mwenyewe naogopa," alisema Sinkala, na meno yake yalikuwa yanagongana kweli.

Hapa Gaudensi alisimama kidogo kwenye simulizi, akasema angekuwa yeye angekuwa ameshafika Ndola. Hakuna aliyecheka. Akaendelea.

Mhunzi alijua kung'oa pete hakusaidii, kwa sababu pete iliyong'olewa ni pete vilevile, na mlango ukiubeba bado ni mlango. Kuikata kwa tupa kungemchukua mpaka adhuhuri, maana waya ule aliufua mwenyewe uwe mgumu. Kilichobaki ni kuifungua pale alipoifunga. Akainamia pete, akaitazama, akaigeuza, akapitisha ukucha kuizunguka yote. Kiungo hakikuonekana. Ile sifa aliyokuwa akiwachekea wageni nayo ilikuwa imesimama kati yake na mtoto wake.

Alijaribu kupapasa kwa vidole, lakini vidole vya mhunzi vimeungua miaka thelathini, havisikii tena kitu kidogo. Nyuma yake Namonje alilazimika kupumua. Safari hii hatua nzima ikaliwa. Kidogo akapumua tena.

Ndipo Sinkala akatoa ulimi. Alifumba macho, akaulamba waya ule kuuzunguka, mdomo wake ukiwa umeugusa uzi unaolia. Kutoka tunduni ilitoka pumzi juu ya ulimi wake, ya baridi, yenye harufu ya pamba iliyooza majini. Ilitoka, ikaingia, ikatoka, kama ya mtu aliyelala. Nusu ya duara alipata laini tupu. Robo nyingine, laini. Kisha chini kabisa, karibu na ubao, ulimi ukakwaruzwa na kitu kidogo kama chembe ya mchanga.

Alipofumbua macho, kidole cha Namonje kilikuwa kimeingia ndani ya pete mpaka kifundo cha kwanza. Tundu lilikuwa la punje ya mtama, na kidole kilikuwa humo.

"Baba," alisema binti kwa utulivu uliomtisha kuliko kilio, "huku ndani kuna baridi. Na kuna mtu kanishika."

Sinkala akashika koleo mbili, akabana kila upande wa ile chembe, akasokota kwa nguvu zake zote na za woga wake. Waya ukaachia. Lakini waya uliovutwa na kuviringishwa kwenye kijiti cha kukunjia pete haunyooki, unakumbuka kijiti. Ncha moja iliruka ikapita ubavuni mwa nyingine, na jicho likajikunja mzunguko mmoja na nusu, kama mkia wa kinyonga aliyetishwa. Halikuwa pete tena, wala halikuwa limeachama. Uzi ukateleza kuufuata mkunjo ule, ukazunguka, ukajikuta nje, ukaanguka chini.

Kile kitu nacho kilifuata. Walikiona kwa uzi tu, maana chenyewe hakionekani. Uzi uliinuka, ukaingia kwenye mkunjo, ukazunguka, ukatokea ulikoingilia. Ukarudia. Ukarudia tena, kwa haraka, kama kipofu anayepapasa ukuta wa nyumba iliyohamishiwa mlango. Vikapu vilitikisika. Mwisho uzi ulilala, na kutoka bondeni ikapanda sauti ambayo bibi yake Gaudensi alikataa katakata kuiigiza, hata alipoombwa.

Kidole cha Namonje kilirudi. Kilirudi kirefu kuliko vingine, chembamba, bila ukucha, cheupe kama mshumaa. Alikiotesha moto maisha yake yote na hakikupata joto. Siku moja kiliungua naye hajui, mpaka wengine waliposikia harufu.

Watu walitaka ubao uchomwe. Namonje akauliza mtoto atafunikwa na nini. Basi Sinkala akarudi karakanani na kuanza kupima. Waya aliouacha wazi kama ndoana ulimwaga uzi kila mtandaji alipogeuka. Ule alioufunga hata kidogo, hakuna aliyethubutu kuukaribia. Siku ya tatu akaacha kujifanya mbunifu, akaufuata mkunjo ule uliojikunja wenyewe kwa hofu, mzunguko mmoja na nusu, ncha mbili zipishane, kati yake mwanya wa uzi mmoja. Uzi unaingizwa kupitia ubavuni, huna haja ya kuitafuta ncha. Ukiwa unakwenda haujitoi, na mkono wa mtu ukitaka kuutoa, unatoka mara moja.

Aliyejaribu wa kwanza alikuwa Namonje, asubuhi ya ukungu, na safari hii hakuzungusha kitu kidoleni. Aliuacha uzi upite juu ya mgongo wa kiganja. Katikati ya kazi uzi ulikaza. Wote waliona. Ulivuta, ukazunguka mkunjo, ukalegea. Namonje akaendelea kutembea. Jioni mtoto alifunikwa kitambaa, na kesho yake midomo ilikuwa na rangi.

Na tangu siku hiyo macho ya waya yanayoongoza uzi wa mtande huachwa wazi yakiwa yamejikunja, yawe ya ubao wa vijijini au ya mitambo mikubwa ya umeme. Tangu siku hiyo mtandaji mwenye akili hazungushi uzi kidoleni, huupima kwa mgongo wa mkono. Na mkiona uzi unatetemeka jichoni wakati mtambo umezimwa, madirisha yamefungwa na hakuna anayetembea, msiushike. Kuna kitu kinazunguka humo, kinatafuta mlango.

Gaudensi akapuliza kidole chake tena. Wanawake wote walikuwa wanatazama nyuzi kwenye fremu. Hakuna uzi uliotikisika, lakini hawakuacha kutazama.

Yeye sasa alikuwa na pete sitini, wiki nzima ya kazi yake, na fundi haiziki kazi yake kirahisi. Akakohoa.

"Lakini hayo ni ya zamani," alisema. "Mimi nilikuwa nafikiri, labda tuzifunge kwenye safu moja tu, ile ya chini, kwa majaribio. Siku mbili tatu. Mnaonaje?"

Mama Nachula alikuwa akikausha maji sakafuni kwa dekio. Alinyanyuka, akauweka mkono wake wa kushoto mezani mbele ya fundi, kiganja chini. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

"Tuko wanawake kumi na wawili hapa," alisema, "na vidole mia moja na kumi na tisa. Kazitupe."