Chui na Kamba Tatu za Mtoni

"Na sisi tunaoishi juu tutapita wapi?"

Mama Mbega aliuliza hivyo mkutanoni. Haya, hadithi yaja, mwaipokea?

Twaipokea!

Ije na utamu wake!

Hapo zamani, zamani sana, katika msitu wa milimani, Chui aliitisha mkutano. Akasema, "Ndugu zangu, mimea hii inayotambaa inainyonga miti yetu. Ikatwe yote!"

"Mzee Chui," akasema Mama Mbega, "tangu lini miti ikawa shemeji zako? Wewe hata jani huli!"

Wanyama wakacheka. Chui hakucheka.

"Tena mimea hiyo haifanani," Mbega akaendelea. "Mbungo hujizungusha kwenye mti. Mzabibu mwitu hushika kwa vikono vyake. Upupu nao..."

"Kamba ni kamba!" Chui akamkatiza. "Panya, kazini!"

Sasa sikilizeni. Juu ya mto zilipita kamba tatu tu za mimea hiyo, na ng'ambo Mbega alikuwa amemwacha mwanawe mchanga kwa dada yake. Zikikatika zote, itabidi ashuke chini. Na chini anangoja nani? Mnamjua!

Panya wakautafuna mbungo. Ukaanguka na matunda yake, puu!

"Mnakata njia!" Mbega akalia.

"Tumetumwa, mama."

Wakautafuna mzabibu mwitu. Ukaanguka, puu!

"Mnakata njia!"

"Tumetumwa, mama."

Wakafika kwenye upupu. Wakaona maganda yenye manyoya. Wakasimama.

"Huu utafune mwenyewe, mzee. Sisi tuna watoto wa kulea."

"Waoga wakubwa!" Chui akapanda, akaurukia kwa makucha. Maganda yakapasuka, vinyweleo vikammwagikia usoni, shingoni, tumboni. Akajikuna kwa mguu mmoja. Akajikuna kwa miwili. Akajikuna kwa yote minne, akaporomoka mtoni, chubwi!

"Mzee, kamba ni kamba?" Mbega akamuuliza kutoka juu.

Akapita kwenye shina tupu la upupu, mbali na maganda, akamchukua mwanawe, akamnyonyesha. Chui aliondoka amelowa, akijikuna. Na tangu siku hiyo Panya hawatafuni mmea kabla ya kuuliza unambeba nani.

Funzo ni hili, wala silipunguzi: anayekuambia msitu ni miti tu, mtazame vizuri anasubiri nini pale chini.

Hadithi yangu imefika, nami naitua hapa. Wewe uliyeisikia, ukienda shambani na panga, tafadhali usikate mmea unaotambaa kabla hujatazama juu.