Kaburi la Ndimbo na Kuku Aliyekosekana

Sogeeni. Mwenye njaa akae mbele ajue mapema kwamba hadithi hii haina ugali, na mwenye usingizi akae nyuma, asije akaniangukia.

Palikuwa na nchi moja yenye pande mbili, Mlima na Bonde, katikati mto, na juu ya mto daraja. Humo waliishi watu watatu wenye vipaji. Gwandu wa Mlima alijaliwa ulimi: akikuambia una homa, unaanza kutetemeka. Malosha wa Bonde alijaliwa kumbukumbu: hakusahau kitu, hata yale ambayo mkewe alimwomba ayasahau. Mkami, fundi cherehani wa darajani, alijaliwa mkono: mshono wake ulidumu kuliko mvaaji. Wa nne, Nyamizi muuza karanga, hakujaliwa kipaji chochote. Alijaliwa mtoto mmoja, Ndimbo.

Nyamizi alizaliwa Bonde akaolewa Mlima, na kwa kuwa pande hizo zilikuwa watani, harusi yake ilikuwa matusi matupu, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Huko mtani alikutukana, akakunyang'anya kofia, nawe ukamshukuru. Na mtu akifa, hazikwi mpaka mtani wa upande wa pili aje, atangulie yeye kuingia kaburini, ajinyooshe, aseme hapa pazuri, sihami. Wafiwa humpa kuku, naye hutoka akampisha mwenye zamu. Kazi hiyo hakuna aliyeiweza kama Ndimbo. Aliwachekesha hata wajane, na wengine walikuwa wakingoja tu ruhusa.

Basi siku ya gulio Gwandu akapanda juu ya kreti la soda. Akawaambia Wamlima kwamba mto unatoka kwao, mvua inaanzia kwao, hata jua hupita kwao kwanza. Kwa nini basi wagawane nchi na watu wa tope? Karanga za Nyamizi hazijapoa, Mlima ukawa umejitenga, una nchi yake na kiongozi wake. Kiongozi, kwa bahati tu, alikuwa Gwandu.

Huko Bonde, baraza likamwita Malosha aseme kama Wamlima waliwahi kuwadharau. Malosha akafumba macho, akaanza. Mwaka wa nzige walisema bibi zetu wana visogo vya nyundo. Mwaka wa mafuriko walisema watoto wetu hujua kuogelea kabla ya kunyonya. Alisema siku mbili, neno kwa neno, utani wote wa miaka sitini, ila kicheko alikiacha nje. Wazee waliocheka maneno hayohayo ujanani sasa walilia kwa uchungu. Baraza likapitisha sheria: utani ni uchochezi.

Mkami yeye aliletewa jora moja la kitambaa chekundu. Mlima walitaka bendera, Bonde walitaka bendera. Akalikata katikati, huku akashona kilele, kule akashona mto. Kisha akashona na sare. Zamani mtu akisimama darajani hukujua ni wa wapi mpaka akutukane. Sasa mlinzi alijua wa kumlenga akiwa mbali hatua mia mbili. Mshono safi kabisa.

Mwezi huohuo akafa kaka yake Nyamizi, mjomba wa Ndimbo, huko Bonde. Nyamizi akamsihi mwanawe asivuke.

"Mama, mjomba alale juu ya ardhi kama gunia?" Ndimbo akasema. "Nani atamtania?"

Akavuka kwa chini, majini. Aliwakuta wafiwa wamelizunguka kaburi, hakuna anayejua la kufanya. Akaruka ndani, akajinyoosha, akakunja mikono kifuani.

"Hapa pazuri," akasema. "Kuanzia leo ni pa Mlima. Sihami."

Mwaka mmoja nyuma pangechekwa mpaka maiti ione wivu. Lakini kulikuwa na mlinzi wa Bonde, amevaa sare ya Mkami, masikioni ana maneno ya Malosha, na mbele yake anaona mtu wa Gwandu amekuja kuteka ardhi, futi sita kwa tatu. Akapiga risasi. Ndimbo akafa mkono mmoja ameuinua, wa kupokelea kuku.

Maiti ilitupwa darajani. Nyamizi akaibeba mgongoni kama alivyombeba akiwa mchanga, akamfukia nyuma ya jiko, kwa muda, maana hakuwapo mtani wa kumzika. Asubuhi yake Wamlima wakavuka kulipiza kisasi. Vita vikaenda miaka miwili. Vikala watu, vikala mbuzi, vikala mpaka mbegu.

Vilipochoka vyenyewe, wazee wachache waliobaki wakakubaliana nchi iwe moja tena, na mwanzo uwe mazishi ya Ndimbo. Kwa kuwa marehemu alikuwa na damu ya pande zote mbili, mtani angeweza kutoka popote. Nyamizi amchague, na atakayeingia kaburini, siku akitoka ndiye kiongozi wa nchi nzima. Nyamizi alikubali. Akasema atamchagua yule aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kuifikisha nchi hapa ilipofika.

Walikuja watatu, mbio.

Gwandu akasema bila ulimi wake nani angejua kwamba ameonewa? Watu walikuwa na furaha tu, kama mbuzi.

Malosha akamkatiza. Ulimi ule ulitenga watu mchana, na jioni wangetaniana wakarudiana. Yeye ndiye aliyewaondolea kicheko.

Mkami akasema wanaume hao wawili walitoa pumzi tu, na pumzi hailengwi kwa bunduki. "Mimi niliwapa cha kulenga," akasema. "Hata aliyempiga Ndimbo, vifungo vyake nilivikaza mimi."

Nyamizi aliwasikiliza mpaka mwisho. Kando yake lilikuwapo gunia la karanga, ndani yake mifupa ya mwanawe. Akashika chepe.

"Nimewaelewa, ndugu zangu. Mtani hutolewa kwa kuku, mnajua. Kuku wa mwisho katika nchi hii nilimwona mwaka juzi, yuko kwapani kwa askari. Mimi sina kuku. Atakayeingia, namfukia pamoja na mwanangu."

Gwandu akawa wa kwanza kupata unyenyekevu. Akasema kwa kweli maneno ni upepo. Pasipo ndugu Malosha yasingefika popote. Malosha, ambaye hakuwahi kusahau kitu, akasema hakumbuki. Mkami akasema fundi hushona anachoagizwa.

Ndipo macho ya Nyamizi yakawapita wale watatu, yakaingia katika umati: waliopiga makofi gulioni, waliolia barazani, waliopanga foleni kupimwa sare. Umati ukarudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Tangu vita viishe, hilo ndilo jambo la kwanza Mlima na Bonde kulifanya kwa umoja.

Mpaka sasa shimo liko wazi, Ndimbo yumo guniani, na mama yake hajaweka chepe chini.

Je, wewe ungemwingiza nani? Sema, tunakusikiliza. Ila sogea kwanza, umesimama ukingoni.